Kuni za Akiru

Tangu nistaafu, vijana wa ofisi ya afya Lodwar hawaniachi nipumue. Akipita huyu, "Madam Wakesho, andika." Akipita yule, "Madam, andika bwana, usiende nayo kaburini." Haya, nimekaa, kalamu ninayo. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopewa vilikuwa vichache na havikuwahi kuninyima usingizi. Mshahara nao niacheni. Ulikuja ukaenda, hata hatukuzoeana. Nitawasimulia kazi yenyewe, ile ya kuyangojea maradhi njiani kabla hayajabisha hodi.

Nilitoka kwetu Voi nikiwa msichana wa viatu vya visigino. Lodwar ilivipokea viatu vile kwa mchanga, na kufikia jioni kisigino kimoja kilikuwa kimebaki sokoni. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Ewoi, mtu wa maabara, mrefu, mkavu, asiyecheka ila kwa macho. Hakunionyesha ofisi wala meza. Alinipeleka kwenye soko la mifugo akasema, "Simama hapa, binti. Nitakuja." Nilisimama mpaka jua likanichoma utosi. Aliporudi akauliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee. Mimi Kiturkana sikijui."

"Basi kijue. Huku maradhi hayaji kwa simu. Yanakuja kwenye salamu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe wapi! Mfugaji akikutana na mwenzake njiani, "Ejok" ni mlango tu. Baada ya hapo wanaingia ndani kabisa: mvua je, nyasi je, maji yako wapi, adui ameonekana, mifugo hawajambo, watu hawajambo. Kila swali linajibiwa bila haraka. Mzee Ewoi alinifundisha kusikiliza pale kwenye mifugo. Mtu akijibu kwa kituo, au akatazama pembeni, au akarukia habari ya mvua ambayo tulishaimaliza, hapo ndipo pa kutua mkoba na kukaa chini. Miaka yangu yote sikupata chombo cha kazi kilichoishinda salamu hiyo, na mniwie radhi nyinyi wenye tabuleti.

Vyombo vingine tulikuwa navyo, tena vya kuchekesha. Hadubini yetu ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo kukiwa na wingu tulikuwa likizo, na Lodwar mawingu ni machache kuliko likizo. Barafu ya kuhifadhia damu tulinunua kwa wachuuzi wa samaki waliotoka ziwani. Sampuli zetu zilifika Nairobi zikinuka sato, na mara moja tulipigiwa simu tuulizwe kama mgonjwa wetu ni binadamu.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaowarukia watu, alikuwa mama wa kutoka upande wa Lokori. Mkono ulikuwa umevimba, na juu yake kidonda chenye gamba jeusi kama makaa. Nilimbonyeza, hakushtuka; kidonda kikubwa namna ile hakikumuuma hata kidogo. Nikaandika "ameungua". Mzee Ewoi akasoma, akavuta kiti chake nyuma, akaniambia, "Muulize alichuna nini." Alikuwa amechuna ng'ombe aliyekufa ghafla. Yeye alipona kwa sindano. Shemeji yake, aliyeila ile nyama, hatukumuwahi.

Siku ile Mzee aliniita kwenye hadubini. Nikachungulia. Nikaona vijiti vidogo vya buluu vimepangana vizuri, pingili kwa pingili kama mwanzi. Nilisisimka mwili mzima. Nilitegemea kitu cha kutisha, chenye meno. Nikakuta kitu kilichonyooka na kutulia, kizuri hata. Nilimuuliza Mzee, "Hiki ndicho kilichomlaza ng'ombe mzima?" Akasema, "Hicho." Nikachungulia tena. Mpaka leo sijui niliogopa zaidi au nilistaajabu zaidi.

Mzee Ewoi alistaafu, nikabaki na kazi na kiti chake. Nilipelekwa huku na kule, Lokiriama mpakani, Kapedo ambako tulichanja watu huku askari wakitutazamia vilima kwa hofu ya wezi wa mifugo, kisha Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa miaka mingi. Kakuma ilinifundisha wingi wa watu. Kipindupindu kilipoingia kambini niliona foleni ya chanjo ikitoka asubuhi kwenye mlango wa kliniki na kupotelea kwenye vumbi nisione mwisho wake. Wakongomani, Wasomali, Wasudani Kusini, kila mmoja na lugha yake, na wote wameacha kushikana mikono kanisani na sokoni kwa sababu wameombwa. Mtu aliyekimbia vita akapoteza kila kitu, ukamwambia asimshike mkono jirani, na akakubali! Nilikuwa nikisimama pale na kisanduku changu nikinong'ona, "Ee Mungu, watu gani hawa?"

Huko Kakuma ndiko nilikompata Mama Nyandeng, Msudani Kusini, muuza chakula. Alikuwa na sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtu mzima. Sote tuliofanya kazi ya kufuatilia magonjwa tulikula kwake, kwa sababu mbili: mchuzi ulikuwa mzuri, na hakuna kitu kilichochinjwa, kilichokufa au kilichoibwa ambacho Mama Nyandeng hakusikia. Nilimwomba jambo moja tu. Akiletewa nyama ya bei ya kushangaza, anipigie simu kabla hajawasha moto.

Kisha yakaja mambo ya korona, na baada yake semina. Lo, semina! Tulikalishwa hotelini tukaonyeshwa picha. Mgeni mwezeshaji, mtu mstaarabu sana, alitueleza kwamba kuna watu duniani wanaoweza kusambaza vijidudu makusudi, hata kwa unga ndani ya bahasha. Mfano wake ulikuwa kimeta. Hapo Lomuria akainua mkono. Lomuria ni daktari wa mifugo, kijana wa hapa hapa Lodwar, ulimi wake haujui foleni. Akasema, "Sisi huku hatutumiwi kwa barua. Sisi tunaila na mchuzi." Ukumbi ulicheka, mgeni hakucheka. Lakini alisema neno nililolishika: ugonjwa uje kwa mkono wa mwovu au uje na upepo, kinachookoa watu ni kile kile, kuona mapema, kusema mapema, kuzuia pale pale. Tukapewa na mavazi meupe ya kujikinga. Kuyavaa kwa joto la Turkana ni kujipika kwa mvuke, lakini nilipeleka yangu Kakuma, nikayatundika nyuma ya mlango.

Ukame ule wa mwisho kabla sijastaafu ndio ulioleta simu ya Mama Nyandeng. Ilikuwa asubuhi.

"Mama, iko ngamia imekufa huko ng'ambo ya mlima," akasema. "Watu ya pikipiki wanasema nitayarishe sufuria. Bei iko chini sana. Mimi naogopa hii bei."

"Wameshaileta?"

"Bado. Wanangoja ikatwe."

Nilimpigia Lomuria, tukaruka garini na dereva. Njiani nilikuwa nawaza zile sufuria za kambini, zote, na mistari ya watoto wenye sahani.

Boma lilikuwa la Mzee Lokaale, kwenye uwanda wa mawe meusi ambako hata mathenge, mti usiokata tamaa, haujafika. Ngamia jike alikuwa amelala nje ya ua, tumbo limefura, damu nyeusi imetoka puani. Majirani wa maboma ya karibu walikuwa wamekaa na visu na vyombo vyao, kwa maana mnyama mkubwa akifa kila mtu analijua fungu lake. Mbali kidogo walikuwepo vijana wa pikipiki na magunia. Na hakuna aliyekuwa ametia kisu! Walikuwa wanamngoja kaka yake Lokaale arudi kutoka kisimani, kwa sababu si adabu kupasua kabla mkubwa hajafika. Nawaambia, adabu ile iliokoa watu wengi kuliko sisi.

Nilimsalimu Lokaale. Ejok, ejok-noi. Mvua? Hakuna. Nyasi? Mawe. Maji? Yako kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, chini sana. Mifugo? Akatazama pembeni.

Lomuria alivaa glavu na barakoa, akatoa damu kidogo sikioni, akaipaka kwenye vioo. Damu haikuganda. Akaziba pua ya ngamia kwa pamba yenye dawa, akanitazama, akatikisa kichwa. Nikamweleza Lokaale. Ugonjwa aliujua, jina lake kwa Kiturkana alilitamka kwa sauti ya chini.

"Daktari," akasema, "njaa nayo ni ugonjwa. Huu wa ngamia tutauchemsha sana."

"Kabla hujachemsha kuna anayechuna. Kuna anayebeba. Na wale vijana watabeba nusu mpaka kambini. Mzee, ukimpasua huyu, mimi sina dawa ya kumfuata kila mtu atakayemgusa."

Tulibishana, tukabishana tena. Ngamia yule ndiye aliyekuwa akiwapa maziwa. Wengine walishakufa. Ilibaki nyama yake, na mbuzi wachache ndani ya ua. Nilijua ninachomwomba, na niliona haya kukiomba nikiwa nimekula kifungua kinywa. Mwisho Lokaale akajifuta uso akasema, "Sawa. Asiliwe. Mfanye mnavyofanya."

Tunavyofanya! Kitabuni ni rahisi: chimba shimo refu, mwaga chokaa. Trekta la kuchimbia lilikuwa gereji likingoja kipuri, na kipuri kilikuwa kinangoja sahihi ya mtu. Ardhi ya boma ilikuwa mwamba. Mchanga wa laga ulichimbika, lakini humo ndimo visima vilimo. Ukimzika mle umewanywesha watu wote. Likabaki moja, kumchoma mpaka awe jivu. Nikamuuliza Lokaale, "Kuni ziko wapi?"

Alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Unaniuliza mimi? Ngamia ni wangu, nimekupa. Kuni si zangu."

Mwanamke mzima mimi, nimezeeka Turkana, nimekaa nikimbembeleza mwanamume siku nzima kana kwamba boma ni lake peke yake! Kibanda ni cha mwanamke, ua ni wa mwanamke. Yeye ndiye anayekata miiba, anayeiburuta, anayeipanga. Lokaale hakuwa na ruhusa ya kutoa hata kijiti. Lomuria akaniegemea sikioni, "Madam, tumebisha hodi nyumba siyo."

Mke mkubwa wa Lokaale aliitwa Akiru. Alikuwa amekaa kivulini mwa kibanda chake, amepakata kibuyu cha maziwa kisicho na kitu. Nikaenda nikakaa chini, nikaanza salamu upya, zote, bila kuruka. Aliniachia nimalize. Kisha akauliza, "Ngamia mmoja anakula kuni kiasi gani?"

Lomuria akamwonyesha kwa mikono. Ilikuwa rundo la kutisha. Akiru akatazama uwanda, sote tukatazama naye. Miti ya kando ya laga ina wenyewe, na ilikuwa mibichi. Kuni kavu ya kutosha ilikuwa moja tu mahali pale: ua wa miiba, na ndani ya ua walikuwemo mbuzi wale, kitu cha mwisho alichobaki nacho duniani. Fisi wa ukame ule walikuwa hawangoji hata giza likolee.

"Na tukimwacha tu na ngozi yake," akasema, "asiguswe na mtu?"

"Fisi watampasua. Damu itaingia ardhini, na ugonjwa utalala humo."

"Utalala mpaka lini?"

"Kuliko umri wangu na wako. Mpaka kwa wajukuu."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Mvua ndiyo inayouamsha. Majani yataota pale mazuri kabisa, na mnyama atakayeyala atakufa kama huyu."

Akanitazama machoni. "Umeiona hii kwa macho yako, au umeambiwa?"

"Nimeiona, mama."

Akiru akaweka kibuyu chini. Akainuka, akaenda kwenye ua, akashika tawi la kwanza akalivuta. Mbuzi walishtuka ndani. Akalivuta la pili. Mimi nimehudhuria hafla za kila aina, nimesimama kwa wimbo wa taifa, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama mwanamke yule akiubomoa ua wake mwenyewe kwa mikono mitupu. Wale majirani waliokuja na visu wakaweka vyombo chini wakamsaidia. Kijana mmoja wa pikipiki akalalamika, "Mama, tupatie hata ngozi basi." Akiru akamjibu maneno mafupi ambayo sitayaandika, na pikipiki zikawashwa.

Dereva alitoa dizeli yake ya akiba huku uso umemkunjamana. Moto ulishika. Lokaale alisimama upande usio na moshi, akawa anamwita ngamia kwa jina lake, polepole, mpaka sauti ikamkauka. Nilimpa dawa za kumkinga, yeye na wote waliomshika mnyama, nikawasisitiza wazimeze mpaka ziishe. Majirani wakaanza kuondoka na vyombo vyao vitupu. Nikasema moyoni, wameudhika, na wana haki.

Vioo vya damu vilikuwa lazima vifike Lodwar, na chanjo ya mbuzi ilikuwa huko huko. Nikamwambia Akiru, "Kesho asubuhi tutarudi na chanjo. Walinde mbuzi."

"Niwalinde na nini?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kwa sababu alitaka kujua. Nami nikaingia garini kama mwizi. Njia nzima nilikuwa naona mbuzi waliotawanyika na fisi wakichagua. Maabara ya Lodwar ilithibitisha: vijiti vile vile, pingili kwa pingili. Nilitamani ningefurahi kwamba tulikuwa sahihi.

Tuliondoka tena alfajiri na sanduku la chanjo. Jua lilipochomoza tukawa tunaukaribia uwanda, na kwa mbali nikauona ua umesimama! Mpya, mnene, mrefu, miiba imesukwa vizuri. Nikapiga kelele, "Bwana asifiwe!" Majirani walikuwa wamerudi. Njiani tulikuwa tumeyapita maboma yao, na sasa ndipo nilipoelewa kwa nini kila ua niliouona ulikuwa na mapengo. Walikuwa wamekwenda kunyofoa miiba ya kwao, kidogo kidogo, wakaiburuta mpaka kwa Akiru kabla jua halijatua. Watu waliokuja kutafuta nyama wakaondoka mikono mitupu!

Tukasogea. Ndani ya ua hamkuwa na mbuzi hata mmoja.

Nikashuka gari likiwa bado linatembea. Ndani ya ua kulikuwa na jivu tu, duara jeusi la jivu, na ua umelizunguka pande zote usiache mlango. Nikageuka kutafuta. Mbuzi walikuwa kule wazi, mahali boma lilipokuwa, wamejikusanya katikati. Na kuwazunguka walikuwa wamekaa watu. Lokaale na mkuki wake. Kaka yake. Majirani, wanawake kwa wanaume, bega kwa bega, wengine wamesinzia vichwa vimeanguka, lakini hakuna aliyeacha nafasi. Walikuwa wamekaa hivyo usiku kucha.

Akiru akainuka, akajinyoosha mgongo. Nikamwuliza, "Mbuzi?"

"Wote wapo."

"Miiba hii walikuletea ya mbuzi."

"Ndiyo."

"Sasa mbona umeizungushia jivu?"

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Damu ya puani ilishaingia ardhini kabla ya moto. Mbuzi hawa tuna macho ya kuwalinda," akasema. "Wale wa wajukuu zangu watakapokuja mvua ikinyesha, nani atakuwa amekaa hapa kuwaambia wasile?"

Wanangu, mimi nililia. Sikujificha. Maisha yangu yote nilikuwa nikiwafundisha watu kujiandaa na janga ambalo halijafika, na nikijua moyoni kwamba sote tunajiandaa na la jana. Na hapa alikuwepo mama mwenye njaa, usiku wa fisi, ameletewa ua mmoja, akautoa kwa mbuzi ambao bado hawajazaliwa. Lomuria naye alikuwa ameshughulika ghafla na kamba ya sanduku, akiifungua ilhali ilikuwa imeshafunguka.

"Daktari," akasema Akiru, "utalia baadaye. Shika mbuzi."

Nikashika mbuzi. Tuliwachanja wote, kisha tukaenda boma kwa boma. Hakuna mtu aliyeugua pale, na kambini Mama Nyandeng alipika maharagwe akalalamika wiki nzima. Mvua ilipokuja, Akiru na Lokaale walihama na mbuzi wao kama wafugaji wanavyohama, na sasa hakuna anayeishi mahali pale.

Kabla sijakabidhi funguo za ofisi nilimwomba Lomuria anipitishe huko. Ua ulikuwa umesimama. Miiba ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, lakini juu yake palikuwa na mipya, mingine imekauka, mingine bado ina majani. Wapita njia wameambiwa kwenye salamu, nao huwaambia wengine. Ndani majani yalikuwa yameota, marefu, ya kijani kibichi, hayajaguswa na mdomo wa mnyama yeyote. Mkipita upande ule na gari lenu, msiingie. Ila mkiona tawi limeanguka, shukeni mlirudishe.